Sahihi Tatu Chini ya Vanishi

Wino ulikuwa umekauka zaidi ya mwaka. Ndiyo maana adhuhuri ile Zuleha alipofuta vumbi kwenye gitaa la mumewe, akaona ncha ya kidole chake imeingia buluu, hakuelewa mara moja anachokitazama. Alidhani ni rangi ya kanga. Akakisugua kidole kwenye kiganja, kiganja nacho kikachafuka. Akainama. Jina la Bujiku, lililoandikwa kwenye uso wa gitaa chini ya tundu, lilikuwa limelowa kama limeandikwa sasa hivi, na mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umevutika pale alipougusa.

"Umefanya nini?" Nassibu alikuwa mlangoni. Alitoka kupakua mizigo stesheni, vumbi la pamba limemjaa hadi kwenye kope.

"Nimefuta vumbi tu, Baba Mwasiti. Wino ni mbichi."

"Wino wa mwaka jana uwe mbichi? Umeumwagia maji."

Zuleha akamnyooshea tambara. Lilikuwa kavu. Nassibu hakulitazama. Alipiga magoti mbele ya gitaa, akaanza kuupulizia mkia ule wa herufi taratibu, kama mtu anayepuliza jicho la mtoto lililoingia mchanga.

Gitaa lile halikuwa la Nassibu peke yake. Mwaka wa 1936, homa ya dhahabu ilipowashika watu wa Shinyanga hata waliokuwa na ng'ombe wao wa kutosha, vijana wanne walikutana kwenye mgodi mdogo upande wa Geita, wa Mzungu mmoja waliyemwita Bwana Kofia. Nassibu alikuwa mtoto wa mjini. Bujiku na Ngassa walikuwa Wasukuma wa Kishapu, na Pantaleo alikuwa Msumbwa wa upande wa Kahama, aliyesoma misheni na kuacha mke huko. Wanne hao walichanga wakanunua gitaa kwa karani wa Kigoa aliyekuwa anarudi kwao. Uso wa gitaa uling'aa hata ungeweza kunyolea ndevu kwa kujitazama humo.

Pantaleo ndiye aliyeleta shauri la sahihi. Alisema kama Bwana Kofia anataka sahihi kwenye kipande cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku, gitaa nalo liwekewe, asije mtu siku moja akadai ni lake. Wino ulikataa. Uliteleza juu ya ule mng'aro ukajikusanya matone matone, mpaka Pantaleo alipochukua majivu ya moto akasugua ubao kidogo, akapuliza, wino ukashika. Akaandika jina lake kwa mwandiko wa kanisani. Bujiku akaandika lake ulimi ukiwa nje. Ngassa hakujua kusoma, na alikataa kabisa kuandikiwa. Akachovya dole gumba akaligandamiza, kama alivyofanya kwenye kipande. Nassibu walimwambia yeye hana haja ya kuandika, kwa kuwa mpigaji mkono wake umo humo kila siku.

Miezi mitatu baadaye, shimo liliwafunika wenzake wote watatu. Hawakutolewa. Mdomo wa shimo ulizibwa kwa magogo na mawe, Bwana Kofia akahamia kwingine, na Nassibu akarudi Shinyanga na gitaa mgongoni. Majina mawili na alama ya dole ndiyo yote yaliyobaki duniani ya rafiki zake. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na kaburi. Na kwa watu wao Nassibu alikuwa hajafika. Alimwambia mkewe atakwenda mvua zikikatika. Mvua zilikatika, akasema atakwenda baada ya mavuno.

Hakulipiga tena gitaa lile, maana mkono wa kulia ungeyafuta majina kwa jasho. Alilifunga kwa kanga mbili. Alilihamisha ukuta kila jua lilipogeuka, wino usififie, na Mwasiti mdogo alichapwa kwa mara ya kwanza maishani mwake siku alipoligusa. Majirani walicheka wakasema Zuleha kaletewa mke mwenza asiye na mdomo. Zuleha alicheka nao. Kisha akaingia ndani, na kicheko kikaishia mlangoni.

Kesho yake baada ya jina la Bujiku kulowa, la Pantaleo nalo lilikuwa bichi. Nassibu hakusubiri tena. Alilibeba gitaa mpaka kwa Fundi Zamoyoni, aliyepaka vanishi makabati ya Wahindi na vitanda vya maharusi mji mzima, akamwomba ayafunike majina yasiguswe na kitu milele.

"Watu huharibu kwa kusugua," Fundi Zamoyoni alisema, akiligeuza gitaa huku na huku. "Vanishi yangu ina spiriti ndani, na wino ukikutana na spiriti unakimbia. Ukisugua, jina lote utalikuta kwenye tambara. Pitisha nyepesi, mara moja, usirudi nyuma. Ikauke mpaka kesho. Kisha mkono wa pili, kesho yake wa tatu. Ukifika wa tano, hapo jina halina wa kulitoa."

Kwanza alijaribu kwa nyuma, kwenye nukta ya wino aliyoitia mwenyewe. Nukta haikukimbia. Ndipo akaligeuza gitaa akaanza. Siku tano Nassibu alikwenda kuchungulia kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini. Siku ya tano majina yalikuwa yametulia chini ya vanishi, ya buluu, safi, hata mistari ya dole la Ngassa ungeweza kuihesabu. Nassibu alipitisha kiganja juu yake, hakuhisi kitu ila ulaini. Alilia mbele ya fundi bila kuona haya.

"Sasa hakuna wa kuwagusa," alisema.

Siku ya sita, saa ile ambayo jua la Shinyanga husimama juu ya utosi na kuku hulala midomo wazi chini ya ghala, Zuleha alisikia hodi. Ngo, ngo, ngo. Akaitika karibu. Hakuingia mtu. Alitoka uani, akazunguka mbele ya nyumba. Barabara ilikuwa tupu, mbwa wa jirani amejinyoosha kivulini. Aliporudi ndani akasikia tena, na mara hii alijua hodi haikutoka mlangoni. Ilitoka ndani ya kanga za gitaa.

Alimchukua Mwasiti akampeleka kwa jirani, akakaa barazani mpaka mumewe aliporudi. Nassibu alisikiliza maneno yake akiwa amesimama, kisha akasema ni mbao zinalia kwa joto, vanishi mpya hukaza mbao. Lakini kesho yake hakukawia stesheni. Adhuhuri ilimkuta chumbani, mlango umerudishwa, Zuleha nyuma yake ameshika kizingiti.

Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

Nassibu akafungua kanga ya kwanza, akafungua ya pili, na harufu ikamwingia kabla macho hayajaona kitu, harufu ya udongo wa chini ambao haujawahi kuonja jua, na moshi wa baruti uliolala, na taa ya kabaidi ya mgodini inayokwisha, harufu aliyokuwa ameiacha upande wa Geita akaapa haitampata tena. Na alipoinama akaona vanishi ya Fundi Zamoyoni, ile iliyokuwa kama kioo, imepata ukungu, si kwa juu ambako angeweza kuufuta na mkono wa kanzu, bali kwa chini, duara dogo kando ya dole la Ngassa, nalo likawa linapanuka na kunywea, linapanuka na kunywea, kama kuna mtu upande wa pili ameweka mdomo kwenye kioo anatafuta pumzi, mpaka katikati ya ukungu ule ukatokea mstari mwembamba, na wa pili, na wa tatu, na Nassibu, ambaye alikuwa amejiambia siku zote hizi kwamba majina yale ameyahifadhi, akatambua kwamba anatazama kucha zinakwangua kutaka kutoka.

"Wafungulie," Zuleha alinong'ona. "Baba Mwasiti, wafungulie."

"Nyamaza. Watasikia."

"Wasikie nini?"

Nassibu alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Alisema kwa sauti ndogo mno, akiwa hamtazami.

"Sikukwambia yote. Siku waliyofukiwa, mimi nilikuwa juu. Bwana Kofia alikuwa na wageni, aliniita nimpigie gitaa. Tulichimba siku nzima kuwatafuta. Siku ya pili, adhuhuri kama sasa, akaamuru watu wote wanyamaze, mtu mmoja atambae mpaka mwisho aweke sikio kwenye mwamba. Wote wakasema Nassibu. Nassibu ana sikio la nyuzi, kama wapo atawasikia. Nikatambaa. Niliwasikia, Zuleha. Ngo, ngo, ngo. Walikuwa wanagonga kwa jiwe. Halafu mwamba wa juu yangu ukalia, mchanga ukanimwagikia shingoni. Nilijua nikisema wapo, mimi ndiye nitakayerudishwa mbele kuwaelekeza wachimbaji. Nikatoka. Wakaniuliza. Nikasema hakuna kitu."

"Wakakuamini."

"Mimi ndiye mwenye sikio. Jioni ile wakaziba."

Zuleha alimwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja, na hakujua aanze na lipi. Mwisho alijifunga kanga vizuri akatoka kwenda kumwita Bi Mwaisha.

Bi Mwaisha aliuza vitumbua sokoni asubuhi na kutoa majini watu mchana. Mwenyewe alisema kazi zote mbili zinataka mafuta ya moto na subira. Aliwasha chetezo, akatia udi na ubani, akakizungusha juu ya gitaa. Kugonga kukazidi. Moshi ulikuwa unainama, unaingia kwenye tundu la gitaa, na hautoki. Mwanamke yule akatazama kidogo, kisha akazima makaa kwa maji.

"La kuvunda halina ubani," alisema. "Niambieni kilichooza."

Nassibu akamwambia. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

"Basi sikiliza, mwanangu. Hao si rafiki zako. Rafiki zako wamekufa, Mungu awarehemu. Anayegonga ni mmoja, jini wa shimo lile, mwenye dhahabu yake. Mtu asiyezikwa ni nguo iliyoachwa kwenye kamba, apitaye huivaa. Huyu alivaa majina ya wenzio akakufuata nayo. Wino ulipokuwa unalowa, alikuwa anaingia na kutoka. Wewe ukampiga vanishi akiwa ndani."

"Niyafute?"

"Ukiyafuta utakuwa umewaua mara mbili, na yeye atakuhamia wewe. Majina yana wenyewe. Likatwe hilo gitaa vipande vitatu, kila kipande kiende kwa watu wake wakizike kama maiti. Na huko ukifika useme ulichokisikia. Usipokisema hicho, utakuwa umewapelekea kuni."

"Bi Mwaisha, gitaa hilo ndilo nililobaki nalo."

"Najua. Na wao wamebaki na nini?"

Fundi Zamoyoni alikataa kwanza. Hakuna fundi apendaye kukata kazi yake ya siku tano. Lakini alipoweka sikio kwenye ubao aliinua kichwa haraka, akachukua msumeno bila kuuliza zaidi. Nassibu alizilegeza nyuzi mwenyewe, moja moja, na ya mwisho ilipolegea alikumbuka sauti ya Bujiku anayeimba akiwa amefumba macho, akalazimika kutoka nje. Msumeno ulipoingia, vumbi la mbao lilianguka jekundu, lenye unyevu.

Nassibu akaanza na Pantaleo, kwa kuwa kwao ndiko mbali. Njia nzima mfuko uligonga begani mwake. Melania, mjane wa Pantaleo, alimsikiliza amesimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Siku ya pili, saa ngapi?" aliuliza.

"Adhuhuri, dada."

Melania akafikiri. "Saa hiyo nilikuwa nafua mashati yake, aje ayakute safi." Alipokea kipande kwa mikono miwili, akaufunga mlango. Mchana ule alikizika kwenye makaburi ya misheni na msalaba juu yake, na Nassibu alitazama kutoka barabarani, maana hakuambiwa asogee. Kutoka pale mfuko uligonga mara mbili tu. Ngo, ngo.

Huko Kishapu, baba yake Bujiku, mzee Makoye, alimpa mgeni maji kabla ya kumuuliza shida yake, kama ilivyo desturi. Nassibu aliposema alichokisema, mzee aliichukua kata mkononi mwa Nassibu, akayamwaga maji yaliyobaki chini, akapokea kipande cha mwanawe. Akamwonyesha njia kwa kidevu. Huko nyuma wanawake walianza kulia msiba uliochelewa mwaka mzima. Mfuko sasa uligonga mara moja moja. Ngo. Halafu kimya kirefu. Ngo.

Nassibu hakulala popote. Alifika kwa mama yake Ngassa asubuhi, jua likiwa limeshapanda kidogo.

Nyamizi alikuwa mama mzee, mwembamba, na Ngassa alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa anapalilia mtama peke yake. Alisimama, akaegemea jembe.

"Mwangaluka, mayu," Nassibu alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama, akataja jina lake na kupiga goti.

"Mwangaluka. Wewe ni yule wa gitaa. Alinitumia habari zako. Mwenzio yuko wapi?"

Kumbe mama yule hakuwa ameambiwa na mtu. Alisikia uvumi wa mgodi kuanguka, lakini hakuna aliyekuja kumwambia kwa kinywa, naye mtu asiyeambiwa halii. Mwaka mzima alikuwa anapika chakula cha watu wawili. Nassibu alimwambia yote pale shambani, mpaka mwisho, mpaka lile neno lake la hakuna kitu. Alitamani apigwe na jembe. Nyamizi aliketi chini kwenye mtama, akanyoosha mkono, akapewa kipande. Akaweka dole gumba lake juu ya lile la mwanawe, chini ya vanishi, akalipima.

"Lilikuwa limekua," alisema. "Alipoondoka halikuwa kubwa hivi."

Kisha akasema, "Kwanza tumzike."

Walikuja majirani wachache. Kipande kilifungwa kwa ngozi ya ng'ombe kama afungwavyo mtu, kikashushwa kando ya zizi, Nassibu akiwa ndani ya shimo kukipokea, kwa kuwa Nyamizi ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alipokilaza chini kiligonga mara moja ndani ya ngozi, kwa udhaifu, na udongo ulipoanza kuanguka juu yake kikanyamaza. Nassibu alisimama akasikiliza. Alisikia ndege. Alisikia majirani wanakung'uta majembe. Kwa mara ya kwanza tangu mwamba ule wa Geita, masikio yake yalikuwa matupu, na utupu wenyewe ulimfanya aone kizunguzungu. Alifikiri: amekwenda. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akajiona hana haki hata ya kushukuru.

Jua lilipofika utosini majirani walikwenda kivulini. Nyamizi alibaki pale kaburini, amekaa, miguu ameinyoosha, kiganja chake kiko juu ya udongo mpya. Nassibu alikwenda kumwita, kichwa kisimuume kwa jua. Alimkuta ameinamisha shingo upande mmoja, uso umelainika, macho yanang'aa kama ya msichana.

"Anagonga," alisema.

Nassibu akasimama.

"Ng'wanawane, mwanangu, anagonga. Yuko hai humu. Njoo, wewe una sikio. Sikiliza."

Nassibu alipiga magoti, akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye udongo. Ulikuwa wa moto kwa juu na wa baridi kwa chini. Alisubiri. Alishika pumzi, akasubiri tena, akiomba kwa moyo wake wote asikie hata mkwaruzo mmoja, ili jini awe bado wake yeye na si wa mama huyu. Palikuwa kimya kabisa. Akajua jini hakwenda mbali, amemhamia mama huyu. Na huyu bibi asingekuwa na Fundi Zamoyoni wala Bi Mwaisha wa kumwita, wala asingependa kuwaita.

Alipoinua kichwa, Nyamizi alikuwa anamtazama usoni, anangoja jibu. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kufukua.

"Unamsikia?"

"Namsikia, mayu," Nassibu alisema. Akachukua jembe, akaanza kuchimba pale alipoonyeshwa.